Ufunguo wa Bwana Rudkin

Wiki iliyopita niliwadanganya.

Sikusema neno la uongo hata moja, ila niliukalia ukweli. Mkanionea huruma. Wengine mkamwandikia mhariri kwamba huyo Clive Rudkin anastahili bakora hadharani. Nilizisoma barua zenu nikacheka kwa raha, kisha nikatazama kikombe changu cha chai, nikaona aibu. Leo nasema yote, na atakayenicheka anicheke.

Kwa anayeingia leo: mimi ni Avril Tuxworth, miaka hamsini na minane, mzaliwa wa Grimsby, mpiga pasi. Napiga pasi nguo za watu nyumbani kwangu, na pasi inakula umeme. Mita yangu ni ile ya kulipia kabla. Una ufunguo mdogo wa plastiki, unakwenda nao dukani, wanakutilia pauni zako, unarudi unauchomeka kwenye mita. Kampuni inayoniuzia umeme siitaji jina, maana mawakili wao ni wengi kuliko soksi zangu.

Bi Dowse, mwenye nyumba ya wageni kule Cleethorpes, aliniahidi mashuka ya msimu mzima. Vyumba kumi na vinane, kuanzia Jumatatu. Kwa bei ya umeme wa kampuni yangu, kila shuka ni hasara. Kwa bei ya kampuni nyingine, ile yenye picha ya sungura, kila shuka lina faida. Nikaomba kuhamia kwa Sungura.

Jibu likaja: huwezi kuhama. Unadaiwa pauni mia tano arobaini na moja, na anayehama na deni hatakiwi kuvuka mia tano.

Na barua yenyewe haikuwa na jina langu. Iliandikwa Bwana C. Rudkin. Ndipo nilipowaacha, nimesimama mlangoni na barua mkononi, namwita Rudkin mwizi mbele ya mtaa mzima.

Sasa sikilizeni nilichowaficha.

*

Mimi na Clive Rudkin tulibadilishana nyumba.

Zote mbili ni nyumba za halmashauri. Mimi nilikuwa mtaa wa Tannery, vyumba vitatu, watoto wamekwenda zao. Ukiwa na chumba kitupu kwenye nyumba ya halmashauri unakatwa pesa kwa ajili ya hicho chumba, utadhani umewapangisha mizimu. Clive alikuwa mtaa wa Haven, chumba kimoja tu, na binti yake Stacey karudi kwake na watoto mapacha. Mimi nina vyumba vya kumwaga, yeye hana pa kulaza wajukuu. Tukapeana mikono ofisini, tukahama siku moja. Gari lilikwenda na makochi yangu, likarudi na ya kwake.

Desturi yetu huku ni hii. Ukihama, unamwachia anayeingia vitu vya nyumba kwenye droo ya jikoni: ufunguo wa mita, kadi ya gesi, karatasi ya siku za taka. Mezani unamwachia majani ya chai na maziwa, asikose kikombe siku ya kwanza. Halafu yule anayeingia anasoma mita, anaipigia kampuni simu, anataja jina lake, anaomba ufunguo mpya. Ule wa zamani anautupa. Kila mtu anajua kwa nini. Deni la umeme linakaa kwenye ufunguo. Ukiuchomeka wa mwenzio, unalipa la mwenzio.

Mimi sikupiga simu.

Mtaniuliza, kwa nini, Avril? Wewe si mgeni wa mambo haya.

Kwa sababu na mimi niliacha la kwangu kwenye droo ya Tannery. Pauni mia nane na kumi na mbili. Majira mawili ya baridi, mume kaondoka na mhudumu wa baa, mimi nawasha heta ili nisijisikie peke yangu. Kampuni ilinibana, nikakubali nikatwe pauni nane kila wiki kwenye mita. Nilikubali bila kubishana maana nilishajua nahama. Nikauweka ufunguo kwenye droo, nikaweka chai, nikaweka maziwa. Nikaweka na biskuti za chokoleti.

Sasa ningepigaje simu kutaja jina langu? Wangesema, ahaa, Avril Tuxworth, wewe si ndiye wa mia nane na kumi na mbili? Lingenifuata hadi Haven.

Basi nikafungua droo ya Haven, nikautoa ufunguo wa Clive, nikauchomeka. Nikabonyeza kitufe cha bluu kuangalia. Mia nane tisini na nane! Yule baba naye kaniachia la kwake!

Nilimtukana Clive Rudkin siku ile mpaka sauti ikakauka. Nyani haoni kundule. Na kwa miaka miwili nimemlipia pauni tatu na nusu kila wiki, nikiuma meno, mdomo nimeufunga.

*

Alhamisi asubuhi nilikwenda dukani kwa Siva.

"Kumi tu, dada Avril?"

"Kumi tu, nyumbani umeme umekwisha. Tano nyingine ni ya mkate na siagi."

"Na Rudkin leo anakula ngapi?"

"Tatu na nusu yake. Huyo hakosi hamu ya kula."

Siva akautia ufunguo kwenye mashine, akautoa, hakunipa. Akaushika.

"Nikuulize kitu, na usinikasirikie. Nimeuza umeme kwenye kaunta hii miaka kumi na tisa. Mtu akikuta deni la mwenzake kwenye mita, anapiga simu moja, anataja jina lake, linafutwa. Wewe umetangaza mpaka gazetini kwamba Rudkin mwizi. Simu hujapiga. Unaogopa nini?"

"Simu yangu mbovu."

"Hii hapa yangu." Akaisukuma juu ya kaunta.

Nyuma yangu palikuwa na bibi mmoja na makopo yake ya chakula cha paka. "Piga, mwanangu!" akasema. "Waonyeshe hao! Wanatunyonya mpaka lini?"

"Nimeacha pasi inawaka," nikasema.

Siva akanitazama. "Si umesema umeme umekwisha?"

Nikaunyakua ufunguo nikatoka. Mkate niliusahau pale pale.

Kufika nyumbani, gari la Bi Dowse liko nje, na mwenyewe kasimama mlangoni na mfuko wa foronya.

"Avril, mpenzi, Jumatatu ni Jumatatu," akasema. "Wale dobi wa Scunthorpe wananipigia kila siku. Wana mashine zinazopiga pasi shuka zima kwa pigo moja. Mimi nakutaka wewe kwa sababu pembe zako zinanyooka. Lakini nipe jibu leo kabla ya saa kumi na moja. Unaweza au huwezi?"

"Naweza."

"Kwa bei ile ile tuliyosema?"

"Ile ile."

"Umeme wako umetengemaa?"

"Mpaka saa kumi na moja utakuwa umetengemaa."

Domo langu hili! Nikaingia ndani, nikaketi juu ya kapu la nguo. Mfukoni nina pauni tano. Kushusha deni la Clive chini ya mia tano kunahitaji arobaini na mbili. Kwa tatu na nusu kila wiki, ni wiki kumi na mbili. Bi Dowse hasubiri wiki kumi na mbili.

Nikaiangalia bodi yangu ya pasi. Ndiyo imenilisha tangu mume aondoke. Sijamwomba mtu kitu, si watoto wangu, si halmashauri, si yule bwana na mhudumu wake. Leo niipoteze kwa sababu naogopa jina langu mwenyewe?

Potelea mbali. Bora niumbuke nimesimama. Nikachukua simu.

*

Muziki wao niliusikia dakika arobaini. Kisha binti akapokea, anaitwa Bethan, sauti laini ya kusini.

"Naongea na Bwana Rudkin?"

"Unasikia sauti ya bwana hapa? Naitwa Avril Tuxworth. Nakaa mtaa wa Haven namba tisa, na hilo deni mlilonitwisha si langu. Rudkin alihama hapa."

"Pole sana, mama. Nipe herufi za jina lako."

Nikampa. Vidole vyake vikagonga. Nikafumba macho, nikasubiri mia nane na kumi na mbili inishukie kichwani.

"Nimekuona," akasema. "Tuxworth, mtaa wa Tannery namba kumi na nne. Ulikuwa na deni kule."

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa nalo."

"Limekwisha."

"Nini?"

"Limekwisha lote, mama. Pauni nane kila wiki, hukuruka hata wiki moja. La mwisho limelipwa wiki iliyopita. Una sufuri. Hongera, natamani wateja wote wangekuwa kama wewe."

Nilishika ukingo wa sinki. Sikulipa mimi. Mimi sikulipa hata senti. Basi nani? Na hapo nikaiona ile droo, na ule ufunguo, na zile biskuti. Clive naye hakupiga simu! Alifungua droo yangu nilivyofungua yake. Miaka miwili mimi nalipa lake, yeye analipa langu, na mimi namwita mwizi mpaka gazetini.

"Kwa hiyo umehamia Haven juzi juzi tu baada ya kumaliza deni, siyo?" akauliza Bethan.

"Mmm," nikasema.

Ndugu zangu, ile "mmm" ndiyo iliyonileta kwenu leo. Haikuwa ndiyo wala hapana, ila ilifanya kazi ya uongo mzima.

"Vizuri. Basi ni rahisi. Deni la Rudkin nalitoa kwenye mita yako sasa hivi na kumfuatishia yeye alikokwenda. Wewe unabaki huna deni, unaweza kuhama leo leo. Nahitaji kitu kimoja tu. Unajua anakaa wapi? Ndiye aliyeingia Tannery namba kumi na nne?"

Neno moja tu. Ndiyo. Niseme ndiyo, na Jumatatu napiga pasi mashuka kwa umeme wa Sungura. Na Clive, ambaye ameshanilipia mia nane na kumi na mbili, anapelekewa mia tano arobaini na moja juu yake.

Mimi ni mkali, mimi ni mdomo mrefu, lakini kumwibia mtu mara mbili sikuwahi.

"Bethan, mwanangu," nikasema, "nipigie saa kumi kamili. Nikathibitishe."

*

Mlango wa Tannery bado una rangi ya kijani niliyoipaka mwenyewe. Nikagonga. Clive akafungua nusu. Ni mtu mzima wa miaka sitini na sita, kapakua samaki gatini miaka thelathini, vidole viwili vya mkono wa kulia havipindi tena.

"Umekuja na bakora," akasema, "au wasomaji wako wanaileta nyuma?"

"Umesoma."

"Gatini kote wamesoma. Karibu kwa mwizi. Futa miguu."

Jikoni kwangu, yaani kwake, kulikuwa baridi. Akaweka birika. Sikusubiri chai.

"Clive, kuna deni niliacha hapa."

"Mia nane na kumi na mbili."

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Biskuti ndizo zilizokuchoma." Akaketi. "Chai sawa. Maziwa sawa, ndiyo desturi. Biskuti za chokoleti za nini? Nani anamhonga mtu ambaye ameshabadilishana naye nyumba? Nikabonyeza kitufe cha bluu. Nikasema, lo, huyu mama kaniingiza mjini."

"Mbona hukupiga simu ukawaambia?"

"Mbona wewe hukupiga?"

Tukatazamana. Birika likaanza kulia. Wa kwanza kucheka alikuwa yeye, mabega yakatikisika, na mimi nikashindwa kujizuia. Tulicheka mpaka akakohoa.

"Ningepigaje?" akasema akijifuta macho. "Nami nimeshakuachia la kwangu. Ningetaja jina tu, wananidaka. Nikasema, basi, ngoma droo. Yeye anyamaze, na mimi ninyamaze."

"Ila mimi sikunyamaza."

"Hapana. Wewe uliniandika gazetini."

Nikamweleza habari za Bethan. Sufuri, Sungura, mashuka, saa kumi, neno moja. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha uso ukabadilika.

"Ukinitaja, na mimi nakutaja, Avril. Sikutishi, nakwambia. Nikiwaambia nimekaa hapa miaka miwili, watanirudishia nilicholipa, na mia nane yako itarudi kwako. Yote kwa mkupuo. Mia nane imepita mia tano. Sungura hakupokei."

"Najua."

"Na mimi ukinitwika mia tano arobaini na moja, siiwezi. Pensheni yangu unaijua."

"Najua, Clive! Ningekuwa nataka kukutaja ningekuwa nimeshakutaja. Nimekuja kwa miguu mwendo wa nusu saa, unadhani nilikuwa natafuta nini, biskuti?"

Akainuka, akashusha kopo la chai kutoka kwenye rafu, akahesabu noti juu ya meza kwa vile vidole vyake vigumu. Arobaini na mbili.

"Chukua. Lipa leo, deni linashuka mpaka mia nne tisini na tisa. Unahama nalo hivyo hivyo kwa jina langu. Mimi nakuletea tatu na nusu kila Ijumaa mkononi mpaka liishe. Hujanitaja, sijakutaja. Huyo Bethan mwambie hujui niliko."

Nikaitazama ile pesa. Nilikuwa na saa nzima ya ziada. Mashuka yangu, Jumatatu yangu, na hakuna aliyeumia. Hivyo ndivyo nilivyoona.

"Wewe mtu mwema, Clive. Nitawaambia wasomaji."

"Usiwaambie kitu. Wewe ukiwaambia watu, balaa."

Akanyoosha mkono. Nikanyoosha wangu, kama siku ile ofisini.

"Deni gani hilo?"

Alikuwa Stacey, kwenye ngazi. Anafanya kazi ya usiku kiwandani, wanakokata minofu ya samaki, kwa hiyo mchana ndio usingizi wake. Nywele zimesimama, soksi moja mguuni. Sijui alisimama pale tangu lini. Kwa uso ule, tangu kwenye kicheko.

"Nenda kalale, mwanangu," akasema Clive.

"Baba. Deni gani la Avril?"

Clive akaangalia sakafu.

"Uliniambia ile pauni nane ni deni lako," akasema Stacey taratibu. "Ulisema limekufuata kutoka Haven. Nikasema sawa, ni baba yangu, katupokea mimi na watoto wangu, nitalilipa mimi. Ulisema hivyo, hukusema?"

"Nilisema."

"Kwa nini?"

"Ningekwambia ni la Avril, ungewapigia simu."

"Ndiyo, ningewapigia simu!" Sasa alipaza sauti. "Ndivyo watu wanavyofanya! Wanahama, wanapiga simu, wanaomba ufunguo! Wazee wazima, mnabadilishana madeni kama watoto wanaobadilishana kadi za mpira! Wiki mia na mbili, baba! Nasimama kwenye maji ya barafu nakata vichwa vya samaki, narudi nanuka, napita dukani kutia umeme, nane inakwenda, kila wiki nane inakwenda! Tilly na Rhys waliniomba wapande punda kule pwani, majira mawili wananiomba. Nikawaambia punda wanaumwa!"

Clive alivuta kopo la chai karibu yake.

Stacey akanigeukia mimi.

"Na wewe. Mama wa gazetini. Kule kazini wanaisoma hadithi yako kwa sauti wakati wa chai. Wananitazama. Binti wa mwizi. Nimekaa nakunywa chai, kumbe umeme uliowashia heta zako nimekulipia mimi."

Nyinyi mnanijua. Mimi sikosi jibu. Nilimjibu padri siku ya kumzika mama yangu, nilimjibu hakimu siku ya talaka. Siku ile, kwenye jiko nililolipaka rangi mwenyewe, mbele ya msichana mwenye soksi moja, sikuwa na neno.

Nilitamani aseme zaidi. Nilitamani anitukane mpaka nikasirike, maana nikikasirika najua pa kushika. Hakusema. Alikivuta kiti akaketi, akaziona zile noti juu ya meza.

"Hizi ni za nini?"

Akazigusa kwa kidole kimoja.

"Hizi ni zangu pia," akasema. "Nilikupa Jumapili, baba. Za viatu vya Rhys."

Ndipo simu ikalia mfukoni mwangu.

Saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika moja. Bethan, binti wa watu, anawahi.

"Sema hujui," akanong'ona Clive. "Avril, tafadhali. Sema hujui niliko, tutayamaliza wenyewe hapa. Nitamlipa. Tutamlipa wote wawili kidogo kidogo."

Simu ikalia tena.

"Sema unachotaka," akasema Stacey, hakunitazama. "Mimi nimeshazoea."

Laiti angesema kitu kingine chochote.

Nikaiweka simu mezani, juu ya zile noti, nikabonyeza sauti isikike na wote.

"Bi Tuxworth? Bethan hapa. Nina fomu yako ya Sungura mbele yangu, imebaki mstari mmoja tu. Je, umethibitisha? Bwana Rudkin ndiye anayekaa Tannery namba kumi na nne? Ndiyo au hapana?"

Clive alitikisa kichwa, mara moja, mara mbili. Bodi yangu ya pasi niliiona kabisa, na mashuka meupe ya Bi Dowse, vyumba kumi na vinane, na lori la Scunthorpe likirudi nyuma taratibu kwenye mlango wake. Saa kumi na moja ilikuwa karibu.

Nilikimbia nyumba hii mara moja na kuacha biskuti mezani. Avril Tuxworth hatoki kwa mlango huu akikimbia mara ya pili, wala si kwa ajili ya kampuni ya umeme.

"Bethan, mwanangu," nikasema, "una kalamu?"

"Natumia kompyuta, mama."

"Basi andika. Lakini usianze na Rudkin. Anza na mimi."

"Na wewe?" Vidole vikagonga. "Lakini wewe huna tatizo, mama. Wewe una sufuri."

Clive akafunika uso kwa mikono. Stacey akainua kichwa, mara ya kwanza akanitazama machoni.

"Hiyo sufuri si yangu," nikasema. "Mwenyewe huyu hapa, amekaa mbele yangu. Anaitwa Stacey."

Upande wa pili, vidole vikaacha kugonga.